Mama Rodel Ameunganishwa

Kabla sijafika kwa Noring na kisanduku chake cha waifai, niungame langu kwanza, maana padri nimeshamwambia lakini nyinyi bado. Nilisema uongo. Nilimwambia Noring kwamba Lola Sayong, yaani Bibi Sayong wa nyumba ya pili, anagawa neno la siri la waifai hiyo kwa vijana wa mtaa, ndiyo maana mtandao unakwenda kama mgonjwa wa baridi yabisi. Aliyegawa nilikuwa mimi. Nilimpa mpwa wangu, naye akawapa wenzake. Na mimi mwenyewe kila Jumapili nilikuwa nakaa dirishani kwangu natazama misa ya kanisa kuu kwa waifai hiyohiyo, bila kulipa hata shukrani. Siku picha ilipoanza kukatika katikati ya mahubiri, nikatafuta wa kumtupia lawama. Nikamtupia kikongwe. Mimi Besing, ambaye wadogo huniita Manay, yaani dada mkubwa, ninayeongoza rozari kwenye kila matanga hapa mtaani kwetu Calauag.

Yaliyofuata alinisimulia Noring mwenyewe, mara tatu, na mara zote tatu hakuongeza wala kupunguza neno.

Noring ni mjane. Anapika majani ya magimbi kwa tui la nazi na kuyauza asubuhi, mchana amemaliza. Mtoto wake ni mmoja tu, Jovelyn, yuko ng'ambo, Taichung, kwenye kiwanda cha baiskeli mwaka wa sita sasa. Ruta ile, kisanduku chenyewe cha waifai, alinunua Jovelyn, na Noring aliiweka rafuni karibu na sanamu ya Santo Niño, Mtoto Yesu, akaifuta vumbi kama anavyoifuta sanamu. Ndiyo iliyomletea sauti ya mwanawe kila jioni.

Ukuta wa Noring na wa Lola Sayong umegusana, ila kuna kichochoro chembamba cha kwenda mlango wa nyuma. Hapo Lola Sayong alikuwa na kiti chake cha plastiki cha buluu, mgongo ameuegemeza ukutani kwa Noring, kwa sababu hapo ndipo waifai inaposhika. Naye alikuwa na mtoto mmoja tu, Rodel, baharia. Meli ikitia nanga mahali, Rodel hupiga. Isipotia nanga, Lola Sayong hukaa vilevile.

"Noring, leo mtandao wako una afya?" alikuwa anauliza.

"Una afya kuliko wewe, Lola."

"Basi utanizika huo."

Wakacheka. Noring alimpa neno la siri kwa mkono wake mwenyewe, miaka mitatu iliyopita.

Nilipompelekea uongo wangu, Noring hakuuliza ushahidi. Alikasirika kimyakimya, kama watu wapole wanavyokasirika. Jumapili baada ya misa akabadili neno la siri, hakumwambia mtu.

Jumatatu Lola Sayong akakaa kitini tangu asubuhi. Jumanne akaonekana anatoka sokoni kwa fundi simu, akakaa tena. Alasiri akagonga dirisha polepole, kwa kucha.

"Noring, mwanangu. Simu yangu imezeeka kama mimi. Fundi anasema nzima. Na Rodel yuko bandarini siku tatu hizi, kesho wanaondoka."

"Labda ni mtandao, Lola," Noring akasema. "Hata kwangu unasumbua."

Alisema hivyo na tamthilia ya mtandaoni inacheza mezani nyuma yake. Lola Sayong aliisikia. Sisi hatuna desturi ya kumuumbua mtu usoni, na mwenye kuomba ndiye anayeona aibu. Akasema tu, "Haya, mwanangu. Nitangoja," akarudi kitini.

Jumatano saa tisa alasiri Delfina, mpwa wake, alimkuta hapohapo kitini amekufa, mgongo ungali ukutani. Simu ilikuwa imeanguka, kioo kimepasuka. Rodel, kama alivyotuambia baadaye, alikuwa amepiga mara kumi na saba.

Tukamlaza sebuleni kwake ndani ya jeneza, dirisha la kioo juu ya uso, kumngoja Rodel afike Jumamosi ya wiki iliyofuata. Delfina akamwekea rozari mikononi, uzi umekatwa kama inavyotakiwa, ili kifo kisivute mwingine. Na ile simu mbovu akailaza ubavuni mwake. "Alikufa nayo, aende nayo," alisema. Hakuna aliyekataa.

Sasa, kwetu mtu hatoki matangani akaenda nyumbani moja kwa moja. Lazima apite mahali kwanza, hata dukani, anunue hata pipi, ili marehemu akiwa amemfuata apotelee huko. Noring aliishi ukuta kwa ukuta na maiti, lakini kila akitoka matangani alizunguka mpaka kwa muuza mikate, akanunua mkate mmoja, akarudi kwa mlango wake wa mbele. Siku saba alifanya hivyo. Siku ya nane hakufanya.

Ilikuwa Alhamisi. Jua kali, mchana kweupe. Noring alikuwa anagawa kahawa na biskuti, wanaume wanacheza karata barazani. Ikafika saa nane na nusu, simu yake ikaingia ujumbe. Kwetu mawimbi ya simu ni dhaifu, yanaleta maandishi tu, sauti haiji. Ulikuwa wa Jovelyn. Tulijua wote kwamba siku hiyo anapasuliwa uvimbe wa kizazi, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba uko mahali pabaya.

"Mama, wananiingiza saa tisa na dakika arobaini na tano. Nitakupigia saa tisa kamili. Naogopa. Usikose."

Na waifai ya Noring ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Taa zinawaka, neno la siri ni lile alilolitunga mwenyewe, lakini simu inamjibu kwamba amekosea. Alikuwa amelijaribu mara arobaini.

Akaweka sinia chini. Nilimwona anaelekea mlango wa nyuma wa marehemu, ule wa kichochoroni.

"Noring, pita dukani kwanza."

"Nitapita baadaye, Manay. Mtoto anapiga."

Ningeweza kusimama nikamshika mkono. Lakini tangu yule kikongwe afariki nilikuwa sina uso wa kumwamrisha Noring kitu. Nikamwacha. Ni hatua kumi na mbili, kupita kando ya kile kiti cha buluu, akaingia kwake. Hakupita popote.

Akapiga kwa simu ya mezani aliyowekewa pamoja na ruta, isiyopiga nje ya nchi, kwa watu wa huduma ya mtandao. Akapokea kijana mwenye sauti ya kuchoka.

"Habari za mchana, madam. Taa ngapi zinawaka?"

"Tatu za kijani. Mwanangu, fanya haraka. Saa tisa binti yangu anapiga, anapasuliwa."

"Pole, madam. Tutairudisha kama ilivyotoka kiwandani, ianze upya. Itasahau kila kitu. Una sindano?"

Noring akachomoa pini ya nywele kichwani. Nyuma ya kisanduku kuna kitundu kidogo.

"Ingiza, bonyeza, usiachie. Nihesabie mpaka kumi."

Akahesabu. Kwenye kumi taa zote zikazimika pamoja. Nyumba ikawa kimya. Hata feni, alisema, ilionekana kama inazunguka bila sauti. Kisha ikawaka moja. Ya pili. Ya tatu ikapepesa nyekundu, ikatulia kijani.

"Vizuri. Sasa geuza kisanduku, chini kuna karatasi imebandikwa. Jina la kiwandani na neno la siri la kiwandani. Hilo hakuna anayelijua ila wewe unayelisoma sasa."

Akalisoma kwa miwani. Herufi na namba zisizo na maana, kumi na sita. Akaziandika kwenye simu moja moja. Simu ikaunganishwa. Noring akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Ingia kwenye ukurasa wa kisanduku, tuweke jina jipya na neno jipya."

Akaingia. Kijana akamwongoza: bonyeza hapa, andika hapa, kubali. Noring hakuweka tarehe ya kuzaliwa wala jina la mtu. Alifunga macho akagusa herufi ovyo, akazinakili kwenye kiganja kwa kalamu. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane.

"Hongera, madam. Nakuona kutoka huku. Vifaa viwili vimeunganishwa."

"Viwili?"

"Ndiyo. Kuna mtu mwingine hapo nyumbani?"

"Niko peke yangu."

Yule kijana akasikika anabonyeza vitufe. Noring alisikia wenzake wakiongea kwa mbali, wakihudumia watu wengine.

"Sawa, madam. Ni kwamba... huyo mwingine ameingia kabla yako."

Noring akafungua orodha. Simu yake ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliandikwa jina ambalo Rodel aliipa simu ya mama yake siku alipomnunulia.

Mama Rodel. Ameunganishwa.

Upande wa pili wa ukuta tulikuwa tunaimba. Noring alitusikia. Alijua ile simu iko wapi, na kwamba haina chaji, na kioo kimepasuka.

"Madam, bado upo?"

"Nimtoeje?" Noring alinong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona.

"Gusa jina lake. Kuna neno Zuia."

Akaligusa. Jina likapotea. Akahesabu, moja, mbili, tatu. Likarudi. Akabadili neno la siri. Likarudi. Akabadili tena, hakuliandika popote, hata kiganjani. Likarudi, safari hii bila kungoja.

Saa tisa kasoro dakika mbili.

"Mwanangu, nisaidie."

"Nakusikia vibaya, madam. Kuna mtu anaongea karibu yako. Kuna bibi anaongea."

Simu ya mezani ikakatika.

Noring akagusa Zuia mara ya mwisho. Jina likabaki. Lililopotea lilikuwa lake. Maandishi yakatokea kwenye kioo: Neno la siri si sahihi. Akajaribu. Si sahihi. Akasoma tena ile karatasi ya chini ya kisanduku. Si sahihi. Kengele ya kanisa ikagonga saa tisa.

Taa ya tatu ikaanza kupepesa haraka. Noring anaijua. Inapepesa hivyo mtu anapoongea.

Kichochoroni miguu ya kiti ikasuguana na sementi.

"Halo," sauti ikasema nje ya ukuta. Ndogo. Kavu. Yenye furaha. "Halo, mwanangu. Unanisikia? Mimi nakusikia."

Noring hakuweza kupiga kelele. Alitambaa mpaka mlango wa nyuma, akaufungua. Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimegeuzwa kidogo, kama anavyokigeuza mtu anayekwepa jua lisiangaze kioo cha simu. Na sauti ilikuwa inaendelea. Haikutoka kitini. Ilitoka ndani, kwake, upande ule alioukimbia.

Akarudi. Akang'oa waya wa umeme ukutani. Taa zikazimika zote. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika sita. Kimya.

Alikimbia na simu mpaka kilimani ambako mawimbi yanashika vizuri zaidi, akainua mkono juu kama mtu anayeanika nguo. Akampigia Jovelyn. Inatumika. Akapiga. Inatumika. Akapiga mpaka machozi yakaingia mdomoni. Saa tisa na dakika arobaini na mbili ukaingia ujumbe.

"Asante Mama. Sasa siogopi tena. Wananichukua."

Jovelyn alipona, Mungu ashukuriwe, na huo ndio ugumu wake. Siku ya tatu akaandika maneno marefu. Kwamba hajawahi kuongea na mama yake vile. Dakika arobaini na moja, bila kukatika hata mara moja. Kwamba picha haikuwa nzuri, aliona ukuta wenye ukungu wa kijani na kipande cha kiti cha buluu, na sauti ilikuwa imekauka, akajua mama amelia. Kwamba mama alimwimbia. Na mwisho: "Ila Mama, kwa nini mara moja uliniita Rodel?"

Noring akaandika jibu. Mwanangu, yule hakuwa mimi. Halikwenda. Akaandika tena. Halikwenda. Mpaka leo hakuna neno la Noring lililomfika mwanawe. Ya mwanawe yanakuja, machache, na kila mara yanajibu mambo ambayo Noring hakuyasema. "Kweli Mama, nitakula mboga." "Umenichekesha jana Mama." Noring anayasoma kitandani, kama mtu anayesikiliza karamu ya jirani.

Tulifanya tulivyoweza. Watu wa mtandao walileta kisanduku kipya, kikatolewa kwenye nailoni mbele yetu. Fundi akakiwasha, akatazama orodha, akauliza, "Mama Rodel ndiye mwenye nyumba?" Padri akaja na maji ya baraka, akabariki ruta, kichochoro, na sisi.

Rodel alikuja, tukamzika mama yake na simu yake. Usiku ule alikaa kwenye kile kiti mpaka asubuhi, simu mkononi, anangoja. Hakupigiwa. Nilimwona kutoka dirishani kwangu na sikutoka kumwambia lolote. Hilo nalo nimeungama. Akarudi melini.

Tukakichoma kiti.

Mwezi uliopita nikasema basi, nitampigia mwenyewe. Nikaenda mjini kwenye uwanja wa kanisa kuu, ambako simu hazina tatizo. Jovelyn akapokea, mchangamfu. Nikamweleza yote, tangu Jumapili ya neno la siri. Nilimwambia ni Noring ndiye aliyelibadili. Langu sikulisema. Hata hapo, nikiwa mbele ya kanisa, sikulisema.

Akacheka. "Manay Besing, Mama kaniambia utapiga, na utasema hivyohivyo."

"Mama yako yuko nyumbani analia, mtoto."

"Niko naye hapa laini nyingine, anakusalimu." Akanyamaza kidogo, kama anayesikiliza. "Anasema anajua aliyegawa neno la siri. Anasema hakasiriki. Anasema utakapomaliza kuongoza rozari za wengine, umletee yeye moja, ile yake uzi umekatika."

Nilikuwa nimemwambia padri peke yake.

"Nakuja Krismasi," Jovelyn akaendelea. "Mama kanikataza kupita mlango wa mbele. Nipite kichochoroni. Atakuwa amekaa ananingoja."

Jambo moja sijamwambia Noring, nalisema hapa. Alhamisi ile saa tisa nilikuwa nimesimama kichwani pa jeneza, naongoza sala. Nikainama. Kioo kilikuwa na mvuke, duara dogo, usawa wa mdomo. Nikaupangusa kwa leso. Haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani, unakua na kupungua, unakua na kupungua, nami nikaendelea na Salamu Maria kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Ulikoma saa tisa na dakika arobaini na moja.

Kiti hakipo. Lakini sasa ni majira ya mvua, ukuta wa Noring umelowa kutoka paa mpaka chini, isipokuwa mahali pamoja pa upana wa mgongo wa bibi. Hapo ni pakavu. Ukiweka kiganja, pana joto.

Sasa naomba. Kama wewe au ndugu yako yuko Taichung, mtafuteni Jovelyn kiwandani kwake. Msimpigie. Nendeni uso kwa uso. Hamna haja ya kumweleza mengi, hataamini. Mwambieni tu akija nyumbani apite kwanza dukani, anunue chochote, halafu aingie kwa mlango wa mbele.